Hotuba ya Kadidja Katika Chapa ya Pili

CHAMA CHA KITABU CHA WOTE, RUMONGE
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI

Tarehe: Jumamosi, 18 Machi 2000. Kilikuwa kifanyike Alhamisi, kikasogezwa kwa sababu ya Iddi.

Mahali: Darasa la Bi. Anastasie, nyuma ya soko la samaki. Kwa kawaida Kamati hukutana sebuleni kwa Mwenyekiti, penye viti vya kutosha na chai. Safari hii mwalikwa alituma neno kwamba nyumba ile haingii, kwa hiyo wajumbe walikaa kwenye madawati ya watoto.

Waliohudhuria:
Bw. Nuhu Alimasi, Mwenyekiti, mfanyabiashara wa mawese
Bi. Anastasie, Makamu, mwalimu wa shule ya msingi
Bw. Lukeba, mpiga mashine wa Chama, mwenye kibanda cha kuchapa barua sokoni
Bi. Tahira Hassani, Katibu

Mwalikwa: Bi. Kadidja, mjane wa marehemu Mbaraka

Wasiohudhuria:
Bw. Maneno, yuko Kabezi, barabara imefungwa tena
Bw. Heri, alivuka ziwa kwenda Kigoma mwaka juzi na hajarudi. Jina lake bado linaandikwa kwa sababu hakuna aliyethubutu kulifuta

KUMB. NA. 1/3/2000: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua, na Bi. Anastasie akafuatisha sala ya kwao, kama ilivyo desturi ya Kamati. Baada ya hapo Mwenyekiti aliomba ajenda ya nne iondolewe mpaka hali itulie. Bi. Anastasie aliuliza ni hali gani inayosubiriwa itulie, ya nchi au ya Mwenyekiti. Ajenda haikuondolewa.

Mwenyekiti alimwomba pia Katibu asiandike kila neno, kwa kuwa wajumbe ni watu wa nyumba moja. Katibu ameandika ombi hilo.

KUMB. NA. 2/3/2000: KUSOMA KANUNI

Kanuni za Kitabu husomwa mwanzoni mwa kila kikao. Mwenyekiti huwa anasema zirukwe, zinajulikana. Leo alitaka zisomwe, na kanuni ya tatu akaomba isomwe mara mbili. Katibu alisoma kama ifuatavyo:

Kitabu hiki kinafundisha kusoma fasihi, kuandika, na kusema mbele za watu. Ni cha wote na hakiuzwi. Hiyo ni kanuni ya kwanza. Kanuni ya pili inasema anayekiazima atanakili sura moja kwa mkono wake kabla ya kukirudisha, ili vitabu vizidi. Kanuni ya tatu inasema kila mnakili ana ruhusa ya kubadili mifano ifanane na maisha ya kwao.

Ilisomwa mara mbili. Mwenyekiti alitikisa kichwa kukubali mara zote mbili, akamtazama mwalikwa. Mwalikwa alikuwa anatazama ubao.

KUMB. NA. 3/3/2000: TAARIFA YA CHAPA YA PILI

Bw. Lukeba alieleza kwamba chapa ya pili ilikamilika baada ya mfungo. Stensili alizikata mwenyewe kwenye mashine yake, roneo ya kuzidishia nakala ilikuwa ya Mwenyekiti, na karatasi zilikuja kwa mtumbwi kutoka Kigoma pamoja na sabuni za Mwenyekiti, ndiyo maana kurasa za mwanzo zinanukia. Vitabu vimekwisha kwenda Kigwena, Muhuta na Kabezi. Njiani kwenye bariyeri askari walifungua furushi moja wakitafuta wanachokijua wao. Mmoja wao alikaa juu ya jiwe akasoma sehemu ya mashairi mpaka konvwa, msafara wa magari, ikaanza kupiga honi. Aliomba nakala, akapewa.

Mwenyekiti alikumbusha kwamba bila karatasi zake kusingekuwa na kitabu. Bi. Anastasie alisema Kamati ilimshukuru kwa karatasi katika vikao vyote vilivyopita, na kama shukrani zile zimekwisha aseme zipikwe nyingine.

Katibu alisoma ukurasa uliotumwa na Bw. Maneno kutoka Kabezi. Watoto waliokimbizwa na vita kambini huko wameitoa hotuba ya harusi iliyomo kitabuni, wakaweka hotuba ya kwenye foleni ya maji. Inaanza hivi: "Waheshimiwa wenye ndoo, waheshimiwa wenye bidoni, na nyinyi mlioleta mawe yawashikie nafasi halafu mkarudi kulala, tunawaambia kwa heshima zote kwamba jiwe halina kiu." Wajumbe walicheka, hata Bi. Kadidja. Hakuna aliyecheka tena mpaka kikao kinafungwa.

Ilikubaliwa kwamba hotuba ya foleni ni nzuri kuliko ile ya harusi na iingizwe katika chapa ya tatu.

KUMB. NA. 4/3/2000: MALALAMIKO YA BI. KADIDJA

Kwa faida ya watakaosoma bila kujua habari hii, Katibu anaeleza ilivyokuwa.

Marehemu Mbaraka alikuwa mpakiaji wa mitumbwi. Mwaka 1998 aliondoka asubuhi kwenda kazini, hakurudi. Bi. Kadidja alizunguka kumtafuta, akawauliza wenzake wote, na wote wakasema siku hiyo hawakuwa naye. Baadaye wakata michikichi walimkuta Kigwena, karibu na ufuko, amepigwa risasi. Aliyempiga hajulikani na katika mwaka ule wa vita hakuna aliyeuliza.

Siku ya arobaini, ndugu mmoja wa marehemu alipewa nafasi ya kusema neno la familia. Alisimama, akashindwa, akalia. Bi. Kadidja akainuka akasema yeye. Wapo waliosema si desturi. Lakini wajumbe wa Kamati hii walikuwepo wote ila Bw. Heri, na waliporudi walikubaliana kwa kauli moja kwamba hawajasikia mtu anasema vile. Katibu alitumwa kumwomba ruhusa ya kuiweka hotuba ile kitabuni, katika sura ya sita, iwe mfano wa kusema mbele za watu. Bi. Kadidja aliitoa bure. Alikaa na Katibu akairudia yote, neno kwa neno, na Katibu akaandika. Hotuba hiyo ilikuwa katika chapa ya kwanza ya kitabu hiki na watoto wengi wa pwani hii wameikariri.

Sehemu inayolalamikiwa ilisema hivi katika chapa ya kwanza:

"Sina neno na aliyekimbia. Na mimi ningekimbia. Neno langu ni kwa waliorudi, wakanawa miguu, wakala, na nilipowauliza mume wangu yuko wapi wakasema hawakuwa naye. Nilimtafuta barabara ya Bujumbura. Nilimtafuta dispensari. Nilimtafuta kwa ndugu zake Muhuta. Alikuwa Kigwena chini ya michikichi, na waliojua walikuwa wanakuja kunipa pole kila asubuhi."

Katika chapa ya pili inasema hivi:

"Sina neno na mtu. Nawashukuru waliokuwa naye siku ile, waliotembea naye mpaka mwisho, na ambao baadaye walikuja kunipa pole kila asubuhi."

Jina la Bi. Kadidja limeachwa juu yake vilevile.

Bi. Kadidja alipewa nafasi. Alieleza kwamba mwezi uliopita alikwenda Muhuta kwenye kuganduka, siku ya kuondoa msiba, kwa binamu yake. Alikaa na wanawake wenzake. Ulipofika wakati wa maneno, msichana mmoja aitwaye Chanceline alisimama, mikono imetulia, sauti inafika nyuma, kama sura ya sita inavyofundisha, akaanza kutoa hotuba. Bi. Kadidja alitambua maneno yake tangu la kwanza. Alijisikia vizuri, alisema, hakuficha. Alikuwa anayafuata moyoni, anajua linalokuja. Kisha likaja lingine. Alisikia anawashukuru. Watu waliomjua walimgeukia wakamshika mikono, mama mmoja akamwambia ana moyo mkubwa sana wa kusamehe.

"Nilikaa pale na tabasamu usoni," alisema. "Ningefanya nini? Mutoto wa watu hakukosa kitu. Alisema vizuri kabisa."

Mwenyekiti aliombwa maelezo. Alieleza kwamba ni kweli alibadili sehemu ile, na hakuibadili kwa siri kwani alimpa Bw. Lukeba karatasi mchana kweupe. Bw. Lukeba aliulizwa. Alijibu kwamba yeye ni mpiga mashine: "Mi nilipiga ile yenye nilipewa. Kama munaniletea barua ya kuposa, napiga. Kama ni ya kufukuza bibi, napiga." Katibu aliuliza kwa nini hakumwonyesha, wakati yeye ndiye aliyeandika ile ya kwanza. Bw. Lukeba alisema hakuambiwa amwonyeshe. Jibu hilo limepokelewa kama lilivyo.

Mwenyekiti aliendelea. Alieleza kwamba nyakati ni mbaya, kitabu kinapita bariyeri, askari wanakifungua, na hotuba inayotaja risasi ingeweza kuwaponza wabebaji. Bi. Kadidja aliomba kitabu cha chapa ya kwanza, akampa Mwenyekiti, ambaye humwita shemeji kwa heshima tu, akasema: "Shemeji, nionyeshe askari aliyemo humu. Nionyeshe risasi. Sikumtaja aliyemuua, simjui. Sasa ulikuwa unamlinda nani?"

Mwenyekiti alikishika kitabu kwa muda. Alisema hakukusudia kumlinda mtu. Aliongeza kwamba hasira ya mwanamke msibani si kitu cha kufundisha watoto, kitabu ni cha kujenga. Bi. Anastasie alisimama hapo bila kupewa nafasi. Alisema anafundisha darasa ambalo kila kona ina mtoto aliyepoteza mtu, na kwamba hotuba ile ndiyo pekee katika kitabu kizima ambayo hawamuulizi maana yake. Alisema Mwenyekiti ana wajibu wa kumheshimu mwenye maneno hata kama hana ubavu wa kuyasikia. Alitakiwa akae. Alikaa baada ya kumaliza.

Mwenyekiti alirudi kwenye kanuni ya tatu. Alisema yeye ni mnakili kama wanakili wengine, na ruhusa ya kubadili iliyotolewa kwa watoto wa Kabezi imetolewa kwake pia. Walipobadili wao tumecheka, alipobadili yeye anawekwa kizimbani. Alisema kinachomuuma zaidi ni kwamba watu wanazungumza kana kwamba aliyebadili alikuwa na la kuficha.

Katibu anatakiwa na kazi yake asiwe na upande. Alikuwa na upande, ndiyo maana mistari miwili hapo juu imekatwa na kuandikwa upya.

Bi. Kadidja alimjibu Mwenyekiti bila kupandisha sauti. Alieleza kwamba siku chache kabla ya arobaini Bw. Heri alikwenda kwake akamweleza yote, na kesho yake akavuka kwenda Kigoma. Bw. Heri alimwambia kwamba asubuhi ile mtumbwi ulikuwa Kigwena unapakia mawese ya Mwenyekiti. Mbaraka alikuwa amepanda juu ya ufuko kufuata bidoni za mwisho za mafuta. Watu wenye silaha walitokea upande wa msitu. Waliokuwa kwenye mtumbwi wakausukuma. Mbaraka akateremka mbio akiita, majini mpaka magotini, na waliokuwemo wakaendelea kupiga kasia. Bw. Heri alikuwa mmoja wao. Mwenyekiti, ambaye siku hiyo alikwenda mwenyewe kusimamia mzigo, alikuwa ameketi mbele ya Bw. Heri.

Mwenyekiti alisema: "Wangetuua sote."

"Wangewaua," Bi. Kadidja alijibu. "Ningekuwepo ningewaambia mukimbie. Nilisema hivyo mbele za watu, na wewe ulikuwepo unasikia. Lakini mulipofika nyumbani, shemeji, hapakuwa na bunduki. Nilikuja mimi tu na kanga yangu. Nikakuuliza Mbaraka yuko wapi, ukaniambia leo hakuja kazini. Ukanipa na sukari niende nayo."

Bi. Kadidja aliendelea kwamba siku ya arobaini angeweza kutaja jina na hakulitaja, kwa sababu Mwenyekiti alikuwa ameketi mstari wa mbele na wanawe, na kwa sababu alidhani mtu akiachiwa nafasi ataitumia. Aliacha nafasi. Chapa ya kwanza ilipotoka na jina halimo, alidhani ataitumia basi.

"Nafasi yenyewe umeitumia hivi," alisema. "Umenifanya nikushukuru. Kutoka hapa mpaka Kabezi watoto wanasimama, wananyoosha mgongo, wanakushukuru kwa mudomo wangu."

Mwenyekiti alimuuliza anataka nini. Bi. Kadidja alijibu kwamba anataka asimame aseme. Kitabu kina sura nzima ya namna ya kusema mbele za watu, na amekichapa mwenyewe.

Mwenyekiti hakusimama. Alisema jambo hili lingezungumzwa vizuri zaidi nyumbani.

KUMB. NA. 5/3/2000: KANUNI YA TATU

Bw. Lukeba alitoa hoja kwamba kanuni ya tatu ifutwe. Kitabu kifungwe, anayenakili anakili kama kilivyo, na atakayegusa neno asiazimishwe tena. Mwenyekiti aliunga mkono hoja hiyo kwa haraka. Katibu aliona ni ajabu kwamba mtu aliyejifunika na kanuni ile muda mfupi uliopita sasa anataka izikwe, akasema hivyo. Mwenyekiti alimtaka Katibu aandike badala ya kusema. Katibu ameandika.

Bi. Anastasie alipinga. Alisema kitabu kisichoguswa kitabaki na harusi ya watu ambao sasa hawaoani, na watoto wa kambini watarudi kukariri wasichokiona. Kama mtu mmoja amekitumia vibaya kisu, hatutupi visu vyote tukala kwa meno mwaka mzima. Bw. Lukeba alisema Mwalimu anaongea kwa sababu si maneno yake yaliyochezewa. Bi. Anastasie alimjibu kwamba wala si mkono wa Mwalimu uliochezea. Sauti zilipanda. Mwenye duka la jirani alichungulia dirishani akauliza kama kuna usalama, akajibiwa kwamba ni kikao cha fasihi.

Bi. Kadidja, ingawa ni mwalikwa na hana kura, aliombwa kutoa maoni. Alisema kitabu kisifungwe. Ile hotuba ya wenye ndoo imempendeza, na siku moja mtoto wa mtu mwingine aliyeachwa ufukoni atataka kuichukua ile ya kwake Bi. Kadidja aiweke jina la baba yake, na anapaswa kuruhusiwa. Alichotaka ni kitu kidogo. Abadiliye aandike jina lake pale alipobadili.

"Mimi nilisimama na uso wangu," alisema. "Na yeye asimame na wake."

Hoja ilitolewa na Bi. Anastasie ikaungwa mkono na Katibu, kwamba kanuni ya tatu isomeke: kila mnakili ana ruhusa ya kubadili mifano, na ataandika jina lake pale alipobadili, na maneno ya kwanza yataachwa yaonekane.

Mwenyekiti alikumbusha kwamba kura zikilingana ya kwake huhesabiwa mara mbili. Alikumbusha pia kwamba roneo ni yake, karatasi ni zake, na mtumbwi unaozileta ni wake. Katika kutaja mtumbwi alisita, kisha akamaliza sentensi. Bi. Anastasie alisema kabla ya roneo kitabu kilinakiliwa kwa mkono, na mikono ipo.

Kura ilipigwa kwa kunyoosha mikono. Waliokubali walikuwa Bi. Anastasie na Katibu. Aliyekataa alikuwa Mwenyekiti. Bw. Lukeba hakunyoosha popote. Aliulizwa mara mbili. Alikuwa anatazama vidole vyake, ambavyo vina wino usiotoka.

Kisha alimgeukia Bi. Kadidja. "Mama Zena, ile siku napiga ile mustari, nilijua," alisema. "Nilikuwa kwenye arobaini, nilikusikia. Nilipofika pale penye 'nawashukuru' mashine ilinikatalia mara ya kwanza, nikairudilia. Sikukuja kukuambia. Kama jina ya mwenye kubadili itawekwa, basi na yangu iwekwe, ya mwenye kupiga."

Alinyoosha mkono upande wa wanaokubali. Hoja ilipita. Bi. Kadidja hakumwambia Bw. Lukeba kwamba amemsamehe, na yeye hakuomba.

KUMB. NA. 6/3/2000: SURA YA SITA KATIKA CHAPA YA TATU

Ilijadiliwa kanuni mpya itatumikaje kwa hotuba iliyokwisha badilishwa. Mwenyekiti alipendekeza kwamba ile ya pili itolewe tu, ya kwanza irudishwe, na mambo yaishe. Alisema yuko tayari kutoa karatasi zote za chapa ya tatu. Bi. Kadidja alikataa. Alisema ile ya pili imeshasomwa na watu wengi, ikitolewa kimyakimya watu wataona yeye ndiye kigeugeu, jana ameshukuru leo ameghadhibika. Alitaka zote mbili ziwekwe, ukurasa mmoja, ubavu kwa ubavu.

Bi. Anastasie alisema zikiwekwa hivyo zitafaa kuwa zoezi la wanafunzi, na kwamba kwa miaka yote aliyofundisha hajapata zoezi zuri kuliko hilo. Alimwomba Bi. Kadidja atunge swali mwenyewe. Bi. Kadidja alifikiri, akasema, na Katibu akaliandika ubaoni ili wote walione:

"Soma hotuba zote mbili kwa sauti, umesimama. Ni ipi iliyosemwa na mjane? Ile nyingine, nani aliihitaji?"

Wajumbe wengine hawakupinga. Mwenyekiti alisema swali ni la uchochezi. Aliulizwa kama anataka lipigiwe kura, akasema hapana.

Iliamuliwa kwamba chini ya hotuba ya kwanza iandikwe: Ilisemwa na Kadidja, siku ya arobaini ya mumewe. Chini ya hotuba ya pili iandikwe: Ilibadilishwa na Nuhu Alimasi. Ilipigwa mashine na Lukeba.

Katibu alipomaliza kusoma uamuzi huo, Bi. Kadidja alisema haujakamilika. Yeye ametambulishwa, mjane, siku ya arobaini, kila mtu atajua anaongea kutoka wapi. Na aliyebadili atambulishwe vivyo hivyo. Akataka baada ya jina la Nuhu Alimasi yaongezwe maneno haya: aliyekuwa kwenye mtumbwi.

Mwenyekiti alisimama kwa mara ya kwanza tangu kikao kianze. Alisema ana watoto wanaosoma kitabu hicho. Alisema ana wazee. Alisema maneno mengine yote yaandikwe, hayo yafutwe, na kwamba hilo halisemi kama Mwenyekiti bali analiomba.

Bi. Kadidja alichukua kalamu ya Katibu kutoka mkononi mwake na karatasi hizi kutoka mezani, akampelekea.

"Ruhusa ya kufuta unayo, shemeji," alisema. "Kanuni ni ya wote. Futa. Halafu andika jina lako pale ulipofuta."

Mwenyekiti alishika kalamu. Aliusoma mstari ule, akausoma tena, midomo inacheza kama ya mtoto anayejifunza. Nje walikuwa wanafunga soko na mtu alikuwa anaita wateja wa mwisho wa samaki wa ndagala. Bw. Lukeba alitaka kusema kitu, Bi. Anastasie akamzuia kwa mkono. Ilichukua muda, na Katibu hakuwa na cha kuandikia.

Kisha Mwenyekiti aliirudisha kalamu mezani. Maneno yamebaki kama yalivyo.

KUMB. NA. 7/3/2000: KUFUNGA

Bi. Anastasie alifunga kikao kwa niaba ya Mwenyekiti kabla ya giza, kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku. Hapakuwa na dua. Bi. Kadidja aliwaambia wajumbe murakoze, asanteni, akaomba nakala moja ya chapa ya kwanza ampelekee Chanceline wa Muhuta, konvwa ikipita. Alipewa. Ubao haukufutwa, watoto watalikuta swali Jumatatu.

Kumbukumbu hizi zilisomwa kwa Mwenyekiti mlangoni kwake kesho yake asubuhi, zote, tangu mwanzo, mbele ya mkewe na wanawe wakubwa. Aliulizwa kama kuna la kusahihisha.

Mwenyekiti: Nuhu Alimasi
(Ametia sahihi. Chini ya sahihi ameongeza kwa mkono wake: Mbaraka aliniita kwa jina.)

Katibu: Tahira Hassani